Mfanyabiashara wa Miaka Kumi na Tisa

Bwana Purnell aliisogeza karatasi ya malipo aliyoletewa na msichana juu ya meza ya maktaba, akaigonga kwa kidole. "Hapa umeandikwa mfanyabiashara, binti. Unauza nini?"

Marlena Wojcik alicheka. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, bado akiishi kwa baba yake na kula cha baba yake. Alikuwa amekuja maktabani, ambako wastaafu kama Purnell huwajazia watu fomu za kodi bila malipo, ili aambiwe tu kwamba hana la kujaza. Baba alikuwa amemhakikishia: "Wewe uko kwenye fomu yangu. Mtegemezi hajazi."

"Hujaza, kipato chake kikifika kiwango," alisema Purnell. "Ungekuwa mwajiriwa, hizi dola elfu mbili na mia tisa zisingekufikisha. Lakini aliyejiajiri, faida ikifika dola mia nne tu, lazima ajaze. Tena alipe michango ya uzeeni yote, sehemu yake na ile ambayo mwajiri angemlipia. Kwako ni kama mia nne na kumi."

Kicheko kilimkauka. Majira yote ya joto alikuwa kwenye duka la maua la Bi. Brandt tangu saa mbili kamili asubuhi, na akichelewa dakika tano alikatwa ujira wa robo saa. Mkasi ulikuwa wa Bi. Brandt, ndoo za Bi. Brandt, gari la kupeleka maua la Bi. Brandt. Hata kwenda msalani aliomba ruhusa. Leo mwanamke huyo huyo ameiandikia serikali kwamba Marlena alikuwa na biashara yake!

"Ipo fomu nyingine," Purnell aliendelea, akishusha sauti. "Unaiomba serikali iamue kama ulikuwa mwajiriwa. Hapo utalipa sehemu yako tu. Ila ujue, aliyekupa kazi naye ataandikiwa barua ajieleze."

Jioni, baba yake, Bernard, fundi wa mabasi ya shule, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka uma chini.

"Usiijaze. Hizo mia nne nitalipa mimi."

"Kwa nini ulipe wewe, baba?"

"Mama yako alipofariki, Bi. Brandt alijaza kanisa maua. Hakuchukua hata senti."

"Kumbe majira yote yale nilikuwa nalipia maua ya mama?"

Bernard alisukuma sahani yake kando. Aliinuka, akajimiminia kahawa, akasimama nayo dirishani mpaka ikapoa. Marlena alijutia ukali wa maneno yake, lakini hakuona namna ya kuyarudisha, kwa sababu yalikuwa kweli. Kilichomuuma zaidi hakikuwa fedha. Ni kwamba siku ile alipopewa bahasha ya ujira wake wa mwisho, alikuwa amemkumbatia Bi. Brandt na kumwita mkarimu.

"Basi kamwone kwanza," Bernard alisema hatimaye, bila kugeuka. "Usimzunguke."

Kesho yake Bi. Brandt alimpokea kwa shangwe. "Marlena! Umekonda, mwanangu! Hawakulishi huko chuoni?" Alipoonyeshwa karatasi na kuambiwa aliyoyasema yule mzee wa maktaba, alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Jamani, hilo tu? Maduka yote ya mtaa huu yanafanya hivi. Nikianza kuwaandikisha wote kama waajiriwa, nitafunga duka." Akafungua droo ya fedha, akahesabu noti. "Haya, mia nne na kumi. Tumalizane kifamilia."

Noti zilikuwa pale, kwenye kaunta. Kuzichukua kulikuwa rahisi mno. Marlena alitazama nyuma ya duka, ambako Ottilie, mama wa makamo aliyefanya kazi hapo miaka kumi na mmoja, alikuwa akitoa miiba kwenye waridi.

"Na Ottilie je?"

"Ottilie hajawahi kulalamika."

"Amewahi kuulizwa?"

Tabasamu la Bi. Brandt lilitoweka. "Baada ya yote niliyoitendea familia yenu! Hata haya huna?"

"Kwa maua yale nakushukuru, Bi. Brandt, na nitakushukuru maisha yangu yote." Marlena aliirudisha karatasi yake mfukoni. "Lakini siku ile hukutuambia kwamba unauza."

Akaziacha noti pale pale, akatoka.

Nje theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope. Alikuwa amefika kwenye kona aliposikia hatua zikimfuata. Ottilie alikuja bila koti, mikono imelowa maji, kidole kimoja kikivuja damu.

"Huyo mzee wa maktaba," alisema, akihema. "Anatazama na karatasi za zamani?"

"Za miaka mingapi?"

"Ninazo zote. Ziko kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda. Kila mwaka nalipa, kila mwaka nasema labda sheria ndiyo hivyo."

Mlango wa duka ulifunguliwa. "Ottilie! Ottilie!"

Ottilie alishtuka, mabega yakampanda. Alikifuta kile kidole kwenye sketi yake.

"Maktaba inafungwa saa ngapi?" aliuliza.