Unga Mweupe

Watu wa mji wa Migori walipoanza kula kama mababu, Beverlyne alivuma kuliko wote. Aliuza unga wa muhogo mchungu uliotoka Magunga kwa mama mkwe wake, Filister, na kila asubuhi alijirekodi kwa simu akimnywesha uji binti yake Risper, wa miaka saba. Mkate ulifukuzwa nyumbani. Maziwa ya pakiti yakafuata, kisha mayai ya kuku wa gredi, nyama, maharagwe ya sokoni. Maagizo yalikuja kutoka Homa Bay hadi Isebania.

Shida ilikuwa Filister. Alimenya muhogo, akauvundika chini ya majani siku nne hadi uote ukungu mweusi, akaukwangua, ndipo akauanika. Unga wake ulikuwa wa kijivu na ulinuka.

"Mama, wateja wanasema umeoza."

"Umeoza, ndiyo. Ndivyo unavyoliwa."

"Wanataka kitu safi, cha asili."

"Asili gani hiyo inaogopa ukungu?" Filister akacheka. "Nyar Kendu, kwenu Kendu Bay mmekula samaki tu. Muhogo mchungu hauna haraka."

Hivyo ndivyo wake huitwa huko, kwa jina la walikozaliwa. Siku hiyo lilimchoma. Akanunua muhogo mbichi, akaukatakata mwenyewe, akauanika siku moja, akausaga. Unga ukatoka mweupe kama chaki. Gunia la kwanza halikumaliza siku mbili.

"Mama, uji ni mchungu," Risper alisema.

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Cheka, tunarekodi."

Wiki ya tatu mteja mmoja aliandika kwamba ametapika na kichwa kinamzunguka. Beverlyne akamjibu: *Sumu ya dukani inatoka, mpendwa. Usiache.* Watu mia nne walipenda jibu hilo. Risper naye alianza kujikwaa sakafuni, mahali pasipo na kitu. Mama yake alimnunulia viatu vipya.

Wiki ya sita, asubuhi, mtoto aliita kutoka kitandani.

"Mama, miguu imekataa."

Magoti yalikuwa yamekaza, vidole vimeelekea chini kama vya anayechungulia dirisha la juu. Hospitalini daktari aliuliza amekuwa akila nini. Beverlyne alitaja uji, ugali, uji. Akaulizwa muhogo ulikaa siku ngapi kabla ya kusagwa. Filister, aliyekuwa ameuona ule unga mweupe nyumbani, akajibu kwa niaba yake kutoka nyuma ya kiti:

"Moja."

"Ni sumu ya muhogo usiovundikwa. Miguu haitazidi kukaza," daktari alisema. "Lakini haitarudi ilivyokuwa."

Beverlyne alirekodi mara ya mwisho, bila mtoto, akawaambia watu wamwage ule unga. Wengine walimtukana. Wengi hawakuangalia, maana walikuwa tayari wamehamia maji ya moto na mbegu za maboga. Mwezi ulipoisha hakuna aliyetaja mababu tena mjini.

Risper alikuwa anajifunza kusimama kwa fimbo mbili, bibi yake akimshika kiuno, simu ya Beverlyne ilipolia. Ilikuwa sauti ya mwanamke, changamfu.

"Dada, ule unga mweupe bado upo? Nilinunua gunia zima, sasa linaisha. Huku kwangu hatuli kingine."

"Una mtoto?"

"Ninao wawili. Wanaupenda!"

"Wanatembea?"

Mwanamke alicheka. "Mkubwa anatembea. Huyu mdogo amekuwa mvivu, siku hizi anataka tu kubebwa."