Mbuzi Wawili kwa Vikombe Vitatu vya Maji

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, mwaka elfu mbili ishirini na tatu, saa kumi na dakika ishirini za jioni. Redio ya Methusela iliutafuna mkanda wa kaseti. Anyesi, mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akimenya karanga, alikatika katikati ya neno. Ganda moja la karanga lilibaki hewani kidogo, kisha likadondoka. Methusela aliliokota, akalitia mfukoni, akaenda kutafuta penseli ya kuzungushia mkanda.

Anyesi alikuwa amefariki Oktoba ya mwaka kumi na tisa. Tangu matanga yalipokwisha, kila jioni Methusela alitia ile kaseti ya kwaya iliyorekodiwa kanisani mwaka tisini na nane, Anyesi akiwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo, naye alikuja. Alikuja na umri wa mwaka ule, miaka ishirini na minane, nywele zimesukwa mistari, anakohoa kidogo kwa moshi wa jikoni. Alikaa nusu saa, upande wa kwanza wote, na kitufe kilipofyatuka aliondoka. Upande wa pili walianzisha wanaume, kwa hiyo Methusela hakuupiga.

Majirani wa mtaani kwao Miyuji walipita wakasema shikamoo mama, wakaenda zao. Karani wa sensa alipofika aliuliza kama Anyesi alilala ndani ya nyumba usiku wa kuamkia siku ya kuhesabiwa. Methusela akasema hapana, huwa anaondoka kabla jua halijazama. Karani hakumwandika.

Shida ndogo ilikuwa kwa binti yao, Gladness, karani katika ofisi moja kule mji wa serikali. Mwaka huo mkanda ulipotafunwa alikuwa amempita mama yake umri kwa mwaka mmoja, na hawakujua tena nani amwamkie nani.

Anyesi wa kaseti alizungumza habari za mafuriko ya mwaka ule na bei ya uwele. Yaliyokuja baadaye hakuyajua. Methusela aliona heri iwe hivyo. Watu walipomuuliza mkewe alikufaje, alikuwa na jibu moja tu. "Wakubwa ndio waliomwua." Wakiuliza wakubwa gani, alionyesha kwa kidevu upande wa mji wa serikali, ambako wako wengi, akaendelea kuchanja kuni.

Gladness alikuja Jumamosi, akaikuta redio imefumuliwa mezani.

"Shikamoo baba. Mpaka leo unahangaika na hili likopo?"

"Marahaba. Hili likopo nililinunua kwa mbuzi mmoja, likanitumikia miaka ishirini na tano. Hayo masimu yenu mnanunua leo, keshokutwa kioo kimepasuka, mnanunua tena. Wanaoyaleta nchini wanajua wanachofanya."

"Nyimbo zinahamishwa siku hizi, baba. Zinaingia kwenye simu."

"Na mama yako ataingia kwenye simu?"

"Tumuulize fundi."

Fundi aliitwa Bupe, mama mtu mzima kutoka Mbeya, mwenye kibanda karibu na chuo kule Chimwaga. Aliushika mkanda kwa vidole viwili kama mtu anayekagua mlenda.

"Mzee, hapa nakuokolea nyimbo mbili. Sasa chagua. Faili dogo au kubwa?"

"Tofauti yake?"

"Dogo linaingia kwenye simu yoyote, ila mama atakuja bila miguu. Mteja wangu mmoja wa Mlali alichukua dogo, babu yake akaja kuanzia kifuani. Kubwa linataka simu yenye nafasi, simu janja hasa."

"Simu hiyo mbuzi wangapi?"

Bupe aliangalia dari, akapiga hesabu. "Wawili. Wakiwa wamenona."

Methusela alisema wizi mtupu, akachukua faili dogo, likatiwa kwenye simu ya zamani ya Gladness. Bupe akamsafishia na zile kelele za mkanda, bila malipo, kwa wema wake.

Jioni ile Anyesi alikuja akiwa ameishia magotini. Alikaa juu ya kigoda bila kukigusa. Kikohozi hakikuwepo, wala harufu ya moshi, kwa kuwa vyote vilikuwa ndani ya zile kelele. Alimpa Methusela karanga. Akaitafuna, haikuwa na ladha yoyote.

"Si mama huyu," alimwambia Gladness. "Huyu ni picha ya kitambulisho."

Gladness akamwonyesha njia nyingine. Mtu asiyejulikana alikuwa ameziweka nyimbo za kwaya mtandaoni, kila mtu anasikiliza bure. Methusela alisikia neno bure akaitazama simu kwa jicho la pembeni, kwa maana tangu azaliwe kila cha bure kililetwa na wakubwa, na alijua mwisho wake. Wimbo wa kwanza ulipomalizika, kabla wa pili haujaanza, aliingia kijana wa tangazo la mikopo, suti imemkaa vizuri. Akaketi kwenye kigoda cha Anyesi, akamuuliza Methusela kama ana ndoto. Baada ya wimbo wa pili akaja mwanamke wa tangazo la sabuni, akalichukua shati la Methusela kwenye kamba akalifua. Shati lilitakata. Hilo Methusela hakulikataa. Katikati ya wimbo wa tatu bando likaisha, na Anyesi akaganda mdomo wazi mpaka Gladness alipokimbia dukani kununua jingine.

"Mama anaumia akiganda hivyo, baba?" aliuliza aliporudi akihema.

"Waulize wakubwa wa huko ofisini kwenu."

Gladness aliishika tena simu. Alikuwa akipandisha orodha kwa kidole kwenye kioo, akitafuta nyimbo nyingine za kwaya ile, na kidole kikasimama.

"Baba. Kuna ya siku ile."

Methusela alijua ni siku gani. Alichukua shoka akatoka nje, lakini kuni zote zilikuwa zimeshachanjwa.

Siku ile ilikuwa ya uzinduzi wa kisima kwenye kitongoji chao cha zamani, upande wa Mlali, wilayani Kongwa, walikoishi mpaka Anyesi alipofariki, kabla Methusela hajahamia mjini. Kisima kilichimbwa, bomba likasimikwa, koki ikafungwa utepe mwekundu. Kwaya ilipangwa mstari tangu saa tatu asubuhi, sare za kitenge, juani, mgeni rasmi aikute inaimba. Turubai lilikuwa la meza kuu. Chupa za maji zilikuwa za meza kuu. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa tano alikuwa njiani, saa saba alikuwa njiani. Saa tisa Anyesi alianguka, na kwenye zahanati wakaandika amekufa kwa presha.

Hayo Methusela alikuwa akiyasimulia. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumsimulia mtu. Kamati ya maji ilimchagua yeye kuwa mlinzi wa koki. Alipewa fulana mpya na kuambiwa mtu asiiguse kabla utepe haujakatwa, maana maji yakishachotwa mgeni atazindua nini. Alisimama hatua kumi kutoka kwa mkewe, mkono juu ya koki. Kama saa nane hivi, kati ya wimbo na wimbo, Anyesi alimgeukia akamwambia, "Baba Gladness, nifungulie kidogo nilambe tu." Naye akamjibu, "Vumilia mama, mgeni anaingia sasa hivi."

Jumatatu Methusela alikwenda Mlali kwa kaka yake, aliyemtunzia mbuzi wake, akachagua mbuzi wawili walionona, akawauza mnadani. Jumanne alikuwa kibandani kwa Bupe.

"Nipe hiyo simu janja. Na hii ya siku ya kisima niwekee faili kubwa. Usisafishe kitu."

"Ina upepo mwingi, mzee. Na mshereheshaji anaongea juu ya wimbo."

"Muache aongee."

"Na atakuja na yeye, ujue. Kila sauti inayojitokeza juu ya kwaya inakuja na mwenyewe."

"Nyumba ina viti vinne," alisema Methusela.

Saa kumi jioni aliketi mlangoni na Gladness, akabonyeza. Upepo ulikuja kwanza, ukaingiza vumbi jekundu la Kongwa mpaka kwenye vyombo. Kisha akaja mshereheshaji, mtu mnene mwenye kipaza sauti kisicho na waya. Akasimama karibu na kabati, akasema, "Mabibi na mabwana, tuendelee kuwa watulivu, mgeni wetu rasmi yuko njiani." Gladness akamwonyesha kiti. Kisha akaja Anyesi, mzima, na miguu yake yote miwili, umri wake miaka arobaini na tisa, sare imemlowa mgongoni, midomo imepasuka. Gladness alimwona akasimama.

"Shikamoo mama," alisema, na safari hii hakusita.

"Marahaba mwanangu." Anyesi alimgeukia mumewe. "Baba Gladness, nifungulie kidogo nilambe tu."

Mshereheshaji alisema mgeni yuko njiani. Methusela aliinuka. Mtungi haukuwa mbali, na hapakuwa na utepe juu yake. Alichota kikombe akampa. Anyesi alikunywa chote bila kupumua. Alichota cha pili akakinywa. Cha tatu alikinywa polepole, akabakiza tone, akajipaka usoni. Sakafu chini yake ililowa kama sakafu ya nyumba yoyote.

"Mimi ndiye niliyekunyima," alisema Methusela. "Wakubwa walinivisha fulana, lakini mkono ulikuwa wangu."

"Najua. Nilikuwa nakuona," alisema Anyesi. "Fulana yenyewe ilikubana." Akacheka, akakohoa, akavuta kigoda akaketi.

Usiku ule Methusela alilala moja kwa moja mpaka mwanga, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka kumi na tisa, na asubuhi alikula ugali mkubwa. Bupe alipomuuliza kama simu inafaa, alisema bei ni ya kinyang'anyi, betri haifiki jioni, waliotengeneza wanastahili viboko, na kwamba mbuzi wawili kwa vikombe vitatu vya maji hajawahi kununua kitu kwa bei rahisi namna hiyo.

Siku hizi Anyesi huja kila jioni. Hunywa vikombe vyake vitatu, humenya karanga, na ladha yake ni ya karanga. Mshereheshaji hupewa chai. Ni mtu mwenye adabu, ila hana habari nyingine.

Kisima bado kipo. Mwezi uliopita Methusela alikwenda kukiangalia. Utepe umepauka ukawa rangi ya waridi, koki imeota kutu, na kina mama wanapita pembeni yake na ndoo kichwani wakienda korongoni, kwa kuwa hakijazinduliwa. Kwenye kibanda cha kamati alikaa mlinzi mwingine, amevaa fulana. Gladness aliandika barua, akaipeleka ofisi moja, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Akaipeleka ya pili, ikapigwa muhuri vilevile.

Na kila jioni, rekodi inapobakiza dakika moja, Anyesi huweka kikombe chini, huwatazama wote mmoja mmoja, mumewe, bintiye akiwepo, hata mshereheshaji anayepuliza chai yake, kisha huuliza kwa upole kama mtu anayeuliza saa:

"Hivi jamani, yule mgeni ameshafika?"