Aliyepokea Simu za Mama

Mimi mtu akinipita bila salamu namhesabu ana dharau, na jengo zima nililohamia nilipokwenda kusoma ng'ambo lilikuwa na dharau hiyo. Ngazini tulipishana, jiko tulichangia, lakini kila mmoja alinipita kama anapita nguzo. Wiki ya kwanza niliwasalimu kwa sauti ya juu makusudi, wajue nimelelewa. Wapi! Wakaanza kusubiri nitoke jikoni ndipo waingie.

Aliyenishikilia nisirudi nyumbani na shahada nusu ni mama. Macho yake yalishaingia ukungu, hata picha zangu alikuwa anasimuliwa na mdogo wangu. Siku naondoka alinishika uso kwa mikono miwili, akasema sasa ananijua kwa sauti tu, nisije nikamnyima. Kwa hiyo kila alasiri alipiga, nami nilipokea.

Alasiri moja nilikuwa napiga pasi shati la kazini, maana baada ya masomo nilikuwa naosha vyombo hotelini. Nikasikia mlangoni, "Hodi." Kwa lugha yetu kabisa, sauti ya mtu mstaarabu. Mdomo wangu haukunisubiri. Nikajibu, "Karibu, pita ndani," macho yangu yako kwenye kola. Ndipo nikakumbuka kwamba jengo lile halina hata mtu mmoja anayelijua neno hilo.

Nikageuka. Mlango ulikuwa umefungwa, komeo mahali pake. Lakini ukingo wa kitanda ulikuwa umebonyea, kama mtu amekaa na hana haraka.

Mwenye akili angekimbia. Mimi, nisiseme uongo, nilifurahi. Tangu nifike hakuna aliyewahi kukaa kwenye kitanda kile isipokuwa mimi na vitabu vyangu. Nikachemsha chai, nikamimina vikombe viwili. Niliporudi kutoka kuosha birika, vyote viwili vilikuwa vitupu.

Baada ya siku kadhaa nilimpigia shangazi, nikamwambia nina mgeni hasemi wala haondoki. Akacheka sana. Akaniuliza kama huko ugenini nimesahau kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alidhani ni mwanafunzi mwenzangu.

Basi nikasimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni, nikamwambia hapa si kwa mjomba wake, asiyetaka kazi atafute pengine. Niliporudi kutoka darasani nikakuta sufuria zinang'aa, sakafu imedekiwa, na nguo zimekunjwa mikono ndani kama anavyokunja mama. Mwili ulinisisimka kidogo. Lakini uvivu nao una nguvu zake. Nikamwachia kufua, nikamwachia pasi, nikapata muda wa kusoma.

Tatizo likabaki simu za mama. Alipiga wakati natoka kwenda hotelini, na maswali yake yalikuwa yale yale: nimekula nini, nimevaa nini, nani nimeongea naye. Nilikuwa namjibu ee mama, ee mama, huku nafunga viatu. Siku moja nilikuwa nimechelewa, na msimamizi alishanifokea mbele ya watu. Simu ikaanza kuita kitandani. Nikasema kwa hasira, "Wewe uliyekaa tu, pokea!" Nikabamiza mlango, nikaondoka.

Niliporudi nilikuta ujumbe wa mdogo wangu. Aliandika kwamba mama leo amecheka mpaka mbavu zikamuuma, na ni muda mrefu hamjaongea vizuri hivyo. Nilikaa chini palepale. Niliogopa, wallahi niliogopa. Kisha nikaona, Mungu anisamehe, nimepata nafuu.

Tangu siku hiyo simu nikawa naiacha kitandani. Alama zangu zikapanda. Msimamizi akaacha kunifokea, jirani wa chumba cha pili akaanza kuniitikia salamu, na mimi nikaanza kuwaelekeza njia wageni wapya. Nilikuwa mwenyeji sasa. Nikijiuliza habari za mama nilijiambia yupo mtu anayezungumza naye.

Siku moja hotelini hapakuwa na kazi, nikarudi mapema. Nikiwa nje ya mlango nikasikia sauti yangu ndani. Si ya kufanana, yangu, pamoja na kicheko changu cha puani. Ilikuwa inamkumbusha mama jinsi nilivyojifungia stoo nikiwa mdogo, jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau. Kisha ikasema polepole, "Usiogope, mama. Nipo." Wivu ulinipanda. Nikafungua mlango. Hapakuwa na mtu, ila godoro lililobonyea na simu imelala kando yake, inawaka. Nikainyakua.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akauliza, "Jana daktari aliniambia nini?"

Sikujua. Sikujua hata kama alikwenda kwa daktari, wala alikwenda na nani, wala kama macho yake bado yanaona mwanga.

"Mama, nisikilize sauti," nikasema, tayari nalia.

"Naisikia, binti," mama akajibu, kwa upole ule anaowapa watoto wa watu. "Mrudishie mwanangu simu."