Ng'ombe wa Mwalimu Timboni

Ukimwona mtu wa bara anafunga ng'ombe karibu na timbo, mwambie. Mwalimu Kasiva hakuambiwa na mtu, na yeye mwenyewe hakuuliza. Mwaka ule wa themanini na nne, ukame ulipokausha Kuruwitu nzima, huku pwani, aliona majani mabichi ukingoni mwa lile shimo la kuchongea mawe, akafurahi, maskini, akapigilia kigingi hapo hapo. Wenyeji walijua kuwa majani yale huota juu ya kifusi kilicholegea. Wangemwambia, lakini tangu ahamie pale alikuwa mtu wa salamu na kwenda zake.

Jumamosi asubuhi ukingo ukamomonyoka. Kasiva alipofika mbio, viatu mkononi, ng'ombe alikuwa amelala chini shimoni, shingo imejikunja, kimya. Na ng'ombe alikuwa huyo mmoja tu, tena mwenye mimba kubwa, ambaye Kasiva aliachiwa na marehemu mama yake kule Machakos. Watu walishajaa. Baadhi ya akina mama walikuwa wamekuja na sufuria, na Kasiva alipoziona zile sufuria roho ilimuuma.

Shee, mwenye bucha, alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati.

"Pole, mwalimu," alisema. "Lakini fanya haraka. Akikata roho hivi hivi ni kibudu, Mwislamu hamgusi, na wengine nao watamwogopa. Nipe ruhusa nimchinje angali hai."

"Kwani yu hai?"

"Kwa sasa. Baadaye sijui."

Shee hakuwa na roho mbaya, tusimsingizie. Nyama ilikuwa adimu na njaa ilikuwa kweli. Kasiva alishuka kwa ngazi ya wachonga mawe, Shee akamfuata na kisu kiunoni.

Wiki nzima Kasiva alikuwa akiwafundisha darasa la tano dalili za uhai, akizitaja moja baada ya nyingine bila kutazama kitabu. Sasa zote zilimpotea. Akaweka kiganja puani mwa ng'ombe: pumzi ilikuwepo, ndogo, ya moto. Akagusa kope, zikapepesa. Akapapasa miguu yote minne, hakuona palipovunjika. Mwisho akaweka mkono tumboni, akangoja, na kitu kikampiga teke kutoka ndani.

"Anacheza," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya watu. "Ndama anacheza, Shee. Weka mkono."

Shee akaweka. Teke likampiga na yeye kiganjani.

"Simchinji," alisema, kisha akapaza sauti kwa waliokuwa juu. "Hizo sufuria kaleteni maji!"

Wakaleta, watu wale wale, sufuria zile zile. Ng'ombe alinyweshwa, akamwagiwa maji kichwani, akanyanyua shingo. Lakini kumnywesha si kumtoa. Watu walipotaka kumvuta kwa kamba, Dzombo, mkubwa wa wachonga mawe, alikataa.

"Kamba itamkaba tumbo, mtaua wote wawili. Tumjengee njia."

Wajenge kwa kitu gani? Kwa mawe yao waliyoyachonga wiki nzima, yaliyopangwa juu yakingoja lori. Wenzake walimtazama, wakaguna, halafu mmoja akainua la kwanza. Mstari ukajipanga, wachonga mawe kwa akina mama, Mkristo kwa Mwislamu kwa anayetambikia koma, mizimu ya wazee wake, jiwe likitoka mkono huu kuingia mkono ule. Nyevu, mke wa Dzombo, alikuwa anajaza kifusi kwenye mianya huku akiwatania wanaume wanaohema.

Adhuhuri njia ilikuwa tayari. Shee akasukuma kwa nyuma, Kasiva akamwita ng'ombe kwa Kikamba, kwa sauti aliyokuwa akiitumia mama yake. Ng'ombe alitetemeka, akasimama. Akapanda. Alipofika juu hakumtazama mtu, alikwenda moja kwa moja kung'oa majani ya ua wa nyumba ya watu, na hakuna aliyemfukuza. Kasiva alikaa chini mchangani, akacheka na kulia pamoja.

"Nitawashukuruje?" alimuuliza Dzombo.

"Wewe umekaa?" Nyevu alidakia kutoka shimoni. "Lori liko njiani, na mawe haya hayana miguu ya kurudi juu. Njoo huku, Kasiva."

Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina lake pale. Akajipangusa mchanga, akaingia mstarini baina ya Shee na Dzombo, akanyoosha mikono kupokea jiwe.