Wageni wa Chumvi

Usiku wa jana Ambakisye Mwakyoma aliota kwamba ulimi wake umefunga biashara.

Ambakisye ni fundi cherehani mstaafu. Anaishi peke yake nje kidogo ya mji wa Tukuyu, kwenye nyumba aliyoijenga na mkewe Tumpe. Tumpe alifariki wakati wa mavuno ya viazi, na tangu hapo ndani ya nyumba ile hakijapikwa chakula chenye harufu. Asubuhi mzee hunywa chai ya rangi kwa mkate. Jioni husonga ugali mdogo, akaumwagia chumvi mpaka ugali wenyewe ukapauka, akala huku amesimama. Bila chumvi hasikii ladha yoyote. Hata kwa chumvi, husikia kwa mbali tu.

Jana mchana alikwenda hospitali kwa sababu misuli ya miguu ilikuwa inambana kila akilala, na moyo ulikuwa unaruka. Muuguzi aliyempa majibu alikuwa binti mpole anayeitwa Ikupa. Alikitazama pia kidonda cha kidoleni, ambacho kilikuwa kimegoma kupona.

"Babu, potasiamu yako imeshuka," alisema Ikupa. "Na daktari anahisi zinki nayo ni kidogo, ndiyo maana kidonda hakifungi na mdomo hauna ladha. Dawa utapata, lakini ule pia. Ndizi, viazi, maharage, nyama ukipata, karanga. Nyumbani yupo anayekupikia?"

"Yupo," alijibu Ambakisye.

Neno lilimtoka lenyewe. Akaona haya kulirudisha mbele ya watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, akachukua dawa, akaenda zake. Usiku ndipo alipoota.

Anajikuta amesimama ndani ya kinywa chake mwenyewe. Mahali penyewe panafanana na soko siku isiyo ya gulio. Kuna vibanda vidogo vidogo vya rangi ya waridi, safu baada ya safu, na vyote vimefungwa. Hapanuki kitu. Si dagaa, si vitunguu, si hata uozo.

Mbele ya kibanda kimoja ameketi mtu mfupi, mwembamba, mwenye rangi ya bati jipya. Mapajani ana rundo la funguo.

"Ugonile," Ambakisye anamsalimia kikwao, yaani umelala salama.

"Sijalala," anajibu yule mtu. "Mimi ni Zinki. Kazi yangu ni kufungua hivi vibanda. Hiki cha utamu, kile cha uchungu, kile pale cha uchachu. Lakini nimebaki peke yangu, na hapa panahitaji wengi."

Ambakisye anafikiri kidogo. "Mbona nyumba yangu imeezekwa kwa mabati ya zinki kuanzia mbele mpaka nyuma?"

"Unalala chini yake. Huili."

Ambakisye anaona jibu hilo ni la haki. Kisha kidonda chake kinapita mbele yao kwa miguu yake chenyewe, kikubwa kama mtu mzima, kimevaa koti, kinaketi kwenye benchi na kukunja mikono.

"Nacho kinakusubiri wewe?" anauliza Ambakisye.

"Kinanisubiri mimi. Mafua yako yananisubiri mimi. Nywele zako zinanisubiri mimi. Unajua inavyochosha kusubiriwa na kila mtu?"

"Sijui," anasema Ambakisye. "Mimi hanisubiri mtu."

Zinki anamtazama bila huruma na bila ubaya, kama karani aliyetajiwa jina. Halafu anainuka, anasema, "Twende kwenye mashine," na kinywa hakipo tena.

Wako kwenye kibaraza cha dukani, pale pale Ambakisye aliposhona miaka yote ya ujana wake. Juu ya meza iko cherehani ya miguu, nyekundu, yenye unyevunyevu, inajiendesha yenyewe. Hahitaji kuambiwa kuwa ni moyo wake. Anaisikiliza kwa sikio la kazi. Inakwenda vizuri, inakwenda vizuri, inaruka mshono. Inakwenda, inaruka.

"Nani anaikanyaga?" anauliza.

"Watu wa milangoni," anasema Zinki, na anamwonyesha ukuta ulio nyuma yao. Ukuta wote ni milango.

Nje ya milango hiyo wamejazana watu waliovaa meupe. Wakimwona Ambakisye wanachangamka.

"Shikamoo, mzee Ambakisye!"

"Marahaba."

"Mguu unaendeleaje, mzee? Usiku uliopita ulikubana sana, tulikuwepo."

"Unaendelea."

"Na kule kaburini kwa mkeo, umeshapanda yale maua?"

Ambakisye anasimama. Hakuna mtu aliyemuuliza habari za kaburi tangu matanga yaishe. Anawaeleza kuwa maua aliyapanda, mvua ikayang'oa, atapanda mengine. Wote wanatikisa vichwa, wanasikitika kwa pamoja. Anapita akiwapa mikono mmoja mmoja, na mikono yao ni mikavu na ya kirafiki.

"Hawa ndugu wametoka wapi?" anamuuliza Zinki.

"Hao ni Sodiamu. Ni chumvi. Huwa unawaalika kila jioni, kwa kiganja."

Mlango mmoja unafunguka kwa ndani. Mwanamke aliyejifunga kitenge cha rangi ya zambarau anamkaribisha kwenye chumba kipana mno. Kimepangwa viti kama vya harusi, na ameketi yeye tu.

"Mimi ni Potasiamu," anasema. "Karibu ukae, viti vipo."

Ambakisye anakaa.

"Sisi kazi yetu iko huku ndani, baba. Wale kazi yao iko nje. Lango likizunguka linawatoa wao watatu, linatuingiza sisi wawili. Ndivyo moyo unavyopata kupiga, na mguu unavyopata kujikunjua. Sasa wao wamejaa mlangoni, na mimi wenzangu hawaji."

"Wako wapi?"

"Nyuma ya nyumba yako. Wanaivia kwenye migomba, wanaangukia matopeni, ndege wanawadonoa."

Ni kweli. Migomba ile aliipanda Tumpe, na Tumpe ndiye aliyekuwa akisema huu mkungu umekomaa, kata.

"Nikikata mkungu mzima," anasema Ambakisye, "nitaumaliza na nani?"

Potasiamu anafikiri kwa makini. "Hilo si swali la potasiamu," anasema. "Mimi ninachoomba ni uwaambie wageni wapungue."

Ambakisye anakwenda mlangoni. Anashika komeo. Nje, mmoja wa wale wa meupe, mama mtu mzima mwenye sauti kama ya shangazi yake, anasogea karibu.

"Usitutoe, baba," anasema taratibu. "Tukiondoka sisi, nani atakusalimia?"

Mkono wa Ambakisye unabaki kwenye komeo. Nyuma yake cherehani inaruka mshono mmoja, kisha wa pili. Kisha inasimama.

Hajawahi kusikia kimya kama kile. Msuli wa mguu unajikaza, unakuwa mgumu kama gogo. Anasubiri sauti irudi, na hairudi. Tangu siku ya mazishi alikuwa anaamini kwamba hata ikisimama hana pingamizi. Sasa anagundua kwamba analo. Anashangaa kuwa nalo, na anashangaa zaidi kwamba ni kubwa.

"Wageni wangu," anasema. "Nawashukuru kwa kuja. Hakuna aliyekaa nami kama nyinyi. Wabaki wachache, nyumba haikosi chumvi. Wengine nendeni."

Hawagombi. Wanaondoka watatu watatu, kila mmoja anampa mkono, na kila watatu wanapotoka wanaingia wanawake wawili wa vitenge vya zambarau, wanatafuta viti bila kusema neno. Cherehani inakohoa, inashika mwendo. Lakini nje ya milango panazidi kuwa patupu, mpaka anabaki yule mama mwenye sauti ya shangazi, naye anaaga, anatoka.

Hapo Ambakisye analia. Baadhi ya Sodiamu waliokuwa wamechelewa wanapata njia ya kutokea machoni. Wanateremka shavuni wakisema samahani, samahani.

Zinki anamvuta pembeni. Anamtilia kiganjani mbegu za maboga zilizokaangwa, bado zina moto.

"Tafuna. Ndani yake nimo."

Ambakisye anatafuna. Kibanda kimoja, mbali sana, kinafunguliwa.

"Zimetoka wapi?"

"Kiwira, kwa dada yako Subilaga. Kila akikaanga anakuwekea kikombe chako juu ya kabati. Usipokuja, anazila yeye."

"Hajawahi kuniambia."

"Hujawahi kwenda," anasema Zinki, anakusanya funguo zake, na mzee anaamka.

Kumekucha. Mvua ya usiku imekatika. Ambakisye analala chali kwanza, anasikiliza kifua chake, kisha ananyoosha mguu, nao unakubali kunyooka. Kuna kitu kimenasa kati ya meno yake ya nyuma. Anakitoa kwa ukucha, anakwenda nacho dirishani kwenye mwanga.

Ni kipande cha ganda la mbegu ya boga. Ndani ya nyumba ile haijaingia mbegu ya boga tangu Tumpe akiwa hai.

Anakirudisha mdomoni. Kina ladha ya kuungua kidogo, upande mmoja. Anakaa nacho hivyo ukingoni mwa kitanda kwa kitambo, halafu anachukua simu na kumpigia dada yake. Subilaga anapokea haraka, kwa sauti ya mtu anayetegemea habari mbaya.

"Kaka? Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nauliza, juu ya kabati kuna kikombe cha mbegu za maboga?"

Upande wa pili anamsikia akivuta kiti, akipanda, akishuka.

"Kimepungua," anasema Subilaga. Halafu, polepole, "Nani amekuambia?"