Geuka

Kinyozi hajinyoi, na mke wa fundi magodoro alikuwa analala sakafuni. Wateja wangelijua hilo, fundi angefunga karakana siku hiyo hiyo akatafute kazi ya kuchunga geti. Watu walimwita Sponji, naye jina alilipenda, maana mjini hapo hakuna aliyekata sponji ikakaa sawa kama yeye. Bibi harusi alilalia godoro lake, mgonjwa wa mgongo alilalia godoro lake. Mkewe peke yake ndiye aliyebeba mkeka, akashuka kitandani na kulala chini kama mgeni aliyekosa nafasi.

Siri hiyo aliijua dada mkubwa wa Sponji tu, aliyekaa mlangoni mwa karakana kupokea wateja. Hakuwa mtu wa kumwaga siri za ndugu yake. Alizihifadhi vizuri, akazitumia kumchokoza.

"Mkeo amegeuka," alimwambia huku akipiga pasi foronya. "Na mke akigeuka, ujue kuna aliyemgeuza."

"Piga pasi, dada."

"Si ninapiga? Mdomo haushiki pasi."

Mkewe alikuwa mpima ardhi. Alienda milimani na kikosi chake, wakapima, wakasimika mawe ya mipaka, wakarudi baada ya wiki kadhaa wameungua jua na wanacheka vichekesho ambavyo Sponji hakuvielewa. Hema hawakuwa nalo. La kwanza lilichanwa na upepo, la pili dereva alilikataa kwa kuwa lilikula nafasi ya vifaa. Basi wakalala nje, juu ya turubai, na mkewe akanogewa. Mezani hakuwa na hadithi nyingine. Alimsimulia mumewe habari za watu wanaofunga wavu kati ya miti miwili wakaning'inia humo hadi asubuhi, wanaohamia juu ya paa joto likizidi, wanaojiviringisha kwa ngozi za kondoo, hata wanaochimba shimo kwenye theluji wakapata joto humo ndani. Wengine, alisema, hufukia makaa chini ya mchanga, wakalala juu yake, na ardhi ikawapa joto usiku kucha.

"Makaa!" alisema macho yakimng'aa. "Hebu fikiria."

Sponji alifikiria. Aliyaonea wivu makaa. Yeye alikuwa amemtengenezea mwanamke huyu magodoro matatu, kila moja bora kuliko lililotangulia, na hakuna hata moja lililowahi kumng'arisha macho namna hiyo.

"Na nyie mnalalaje?" aliuliza, akijifanya anatafuta chumvi.

"Sisi? Tunajipanga tu, tunalala."

Hilo *tunalala* lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Nani na nani? Kwa mpango gani? Katika kikosi kulikuwa na kijana wa kushika fito za vipimo, aliyeitwa Ndevu kwa sababu ya ndevu zake, na ndevu zenyewe alizichana. Mwanamume anayechana ndevu porini anamchania nani?

Halafu likaja neno. Ilikuwa Jumamosi mchana, mkewe amerudi amechoka, amelala juu ya godoro jipya, pazia limeshushwa. Sponji alipanda chumbani, juu ya karakana, kufuata sindano, akamwonea huruma, akajinyoosha kando yake. Hata usingizi haujamjia, akasikia:

"Geuka."

Alilitamka waziwazi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, na macho yamefumbwa. Papo hapo akageuka yeye mwenyewe. Goti lake likampiga Sponji pajani, pumzi zake zikamjaa usoni. Sponji akakauka kama ubao. Alikuwa ameambiwa nani? Mtu hamwambii mtu geuka usingizini ila awe amezoea kumwambia hivyo akiwa macho. Mkewe akashtuka, akasonya, akachukua mkeka wake akashuka chini.

Tangu hapo ikawa ndio mtindo. Neno lilikuja, mume alikauka, mke aligonga goti, mkeka ulishuka. Sponji hakuuliza. Mwenye wivu haulizi, maana akiuliza atajibiwa, na jibu huenda likammaliza. Alichofanya ni kushona godoro la nne. Alitafuta sponji nzito kuliko zote, akashona kingo mara mbili, akagombana na dada yake juu ya rangi ya kitambaa. Mkuu wa kazi alikuwa amemtaka mkewe aongoze kikosi upande wa pili wa milima, mwaka mzima, na jibu lilitakiwa Jumatatu. Sponji aliamini, na kuamini huko kulikuwa kwa kijinga kabisa, kwamba mwanamke akilala vizuri mara moja tu juu ya godoro hilo atasema hapana.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo, lori la kikosi lilisimama mbele ya karakana kumshusha mkewe na mizigo. Walishuka wote kunywa maji: dereva, mama mpishi, vibarua wawili na Ndevu. Ndevu alimsalimia Sponji kwa heshima zote. Heshima hizo zilimuudhi kuliko tusi.

"Hivi ninyi," Sponji alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, "huko mnalalaje?"

Dada yake akaweka pasi chini. Dereva, ambaye hakuwa na habari, akacheka.

"Kumbe shemeji hajatuona! Leteni turubai, tumwonyeshe."

Wakalitandika sakafuni katikati ya karakana, juu ya vipande vya sponji na nyuzi, mchana kweupe. Wakajilaza ubavu kwa ubavu, wote wakitazama upande mmoja, kila mtu akikiona kisogo cha mwenzake. Mwishoni kabisa kule alilala Ndevu, wakafuata vibarua na dereva. Kisha mama mpishi, mpana wa kutosha kumkinga mtu na tufani. Mwisho wa upande huu, kwenye ubavu wa upepo, mkewe.

"Anayepigwa na upepo ndiye anayeita," dereva alieleza akiwa amelala. "Mgongo ukimganda anaita, tunageuka wote pamoja. Asipogeuka mmoja, hakuna anayelala."

"Geuka!" mkewe aliita, na safu nzima ikageuka kwa mpigo mmoja, hata mama mpishi ambaye tayari alikuwa ameanza kukoroma.

Basi ilikuwa hivyo tu. Sponji alipaswa kufurahi. Ndevu alikuwa mbali, na katikati yao palikuwa na mlima wa mama mpishi. Lakini roho ilizidi kumuuma. Mkewe alikuwa amefumba macho, pale kwenye sakafu ngumu, na uso wake ulikuwa umetulia kama ambavyo haukuwahi kutulia juu ya kazi ya mikono ya mumewe. Mwanamume mwenzake angemshika shati. Upepo na turubai angevishika wapi?

"Fundi, nafasi ipo," alisema mama mpishi. "Lala hapo ubavuni mwa mkeo, uone."

Dada yake akamsukuma. Sponji akalala ukingoni kabisa. Wakarudi upande wa kwanza, naye akabaki anakitazama kisogo cha mkewe, na mbele yake visogo vingine vyote, hadi kile cha Ndevu.

"Geuka!"

Safu ikageuka. Sponji hakugeuka. Alikauka, kama kawaida yake, na goti likampiga pajani palepale panapopigwa siku zote. Alipoinua macho alikutana na uso wa mkewe, pua kwa pua.

"Ndicho unachonifanyia nyumbani," mkewe alisema polepole, wengine wasisikie. "Nakwambia geuka, hugeuki. Naamka, nashindwa kulala tena, nashuka chini."

"Nilidhani unamwambia mwingine."

Mkewe akajiinua kwa kiwiko.

"Mtu akiwa usingizini anamwambia aliye ubavuni mwake. Nyumbani ubavuni mwangu yuko nani?"

Godoro la nne lilikuwa limesimama ukutani juu ya vichwa vyao, na kingo zake zilizoshonwa mara mbili.

"Geuka," mkewe akamwambia, yeye peke yake.

Kugeuka ni kazi ngumu kwa mwenye wivu, kwa sababu kisogo hakina macho. Sponji alitaka kumwona mkewe, amwone Ndevu, aihesabu safu nzima hadi mwisho. Lakini aligeuka, akautazama ukuta. Magoti ya mkewe yakaingia nyuma ya magoti yake, yakakaa sawa, kama sponji iliyokatwa vizuri ndani ya kitambaa chake.

"Jumatatu nitawajibu ndiyo," mkewe akasema nyuma ya shingo yake. "Ni mwaka mmoja. Nitakuwa narudi."

Alitaka kugeuka amtazame usoni, ajue kama ni kweli atarudi. Lakini hakuna aliyeita.