Daftari la Mchele na Daftari la Muhogo

Kamati ya Shajara ilikuwa na wajumbe tisa, mhuri mmoja na kundi la WhatsApp lisilojua kulala. Kazi yake ilikuwa kuchora mti wa ukoo mzima na kuutundika kwenye sabla, baraza la wanaume pale Ibra, Oman, ili kila mgeni anayekuja kunywa kahawa aone kwamba watu hawa hawakuokotwa. Mwenyekiti wake, Hisham, alikuwa mstaafu wa serikali, mtu ambaye hata salamu angeweza kuifungulia faili.

Mti ulikwenda vizuri mpaka ulipofika Tabora, ambako babu zao walihamia na kuzaa. Huko hakukuwa na karatasi. Mjumbe mmoja akafunga safari, akarudi na picha za madaftari ya mgao wa chakula wa mwaka 1943, wakati wa vita vya pili. Waingereza walikuwa wameuandika mji wote nyumba kwa nyumba, kila watu na daftari lao: Waarabu wapewe mchele, wenyeji wapewe unga wa muhogo. Kamati ilishangilia. Ikafungua daftari la Waarabu, na lile jingine haikuligusa hata kwa ncha ya kidole.

Neema ikamwagika. Kila muuza kahawa akawa mfanyabiashara. Hisham mwenyewe aligundua kwamba babu yake, Humaid bin Thani, aliandikwa na watoto wanne: Sultan, Sinan, Muadh na Yazeed. Siku zote yeye alimjua mmoja tu, Sultan, babake mzazi. Ami watatu kwa mpigo! Kamati ikakata shauri kwamba walikufa wadogo kwa ndui, ikawachorea majani ya kijani, ikawasomea hitima na kuchinja mbuzi wawili. Hisham alilia kidogo, na picha yake akilia ikawekwa kwenye kundi.

Aliyekosekana ni Marzouq, mdogo wake Humaid. Kamati haikujisumbua. Iliandika: "Alifariki kabla ya 1943, hakuacha kizazi," ikagonga mhuri.

Habari hizo zilimkuta kizazi mwenyewe jikoni kwake, palepale Ibra, akitwanga limau kavu. Bi Mwanamize binti Marzouq alikuwa na miaka themanini na mbili na meno yake mengi.

"Baba kafa kabla ya arobaini na tatu?" alimwuliza mjukuu wake Yaqeen, aliyekuja kutoka Izki anakofanya kazi, na kompyuta yenye picha zote za kamati. "Na mimi mama aliniambia nimezaliwa mwaka wa mgao. Kwani alinizaa kutoka kaburini?"

"Bibi, kamati inasema pengine tarehe yako ndiyo ghalati. Si nyinyi wote mumezaliwa tarehe moja Januari?"

Hilo lilikuwa kweli. Waliporudi Oman miaka ya sabini bila vyeti, daktari aliwatazama, akawakisia mwaka, na wote wakapewa siku moja ya kuzaliwa. Sasa Hisham alipendekeza shangazi yake asogezwe nyuma miaka mitano ili hesabu ya mti ikae sawa.

"Mwambie akinisogeza anitafutie na mume wa kunifaa," alisema Bi Mwanamize.

Alicheka, lakini kicheko hakikumshuka moyoni. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka mitano, akachukuliwa na ami Humaid. Kila alipouliza habari za baba, ami alijibu neno moja: alipotea. Hakusema alipotelea wapi, wala alimkimbia nani. Maisha yake yote Bi Mwanamize, akimaliza kuswali, alikwama palepale: amwombee baba rehema za maiti au amwombee arudi salama? Aliomba yote mawili. Hakutaka jani la kijani. Alitaka kujua kama baba yake alimkimbia.

Mchi ukasimama hewani.

"Yaqeen, hebu ngoja. Mama alinilea kwa uji wa muhogo. Nikiukataa alikuwa akiniambia, baba yako alikula muhogo huuhuu na hakununa. Sasa Mwarabu mwenye mchele wake ale muhogo kwa nini? Fungua lile daftari jingine."

"Ile kamati haijafungua, bibi. Hisham anasema hakuna haja."

"Ndiyo maana lifungue wewe."

Walikaa nalo mpaka adhana ya alasiri. Kisha Yaqeen akasogea karibu na bibi yake, akaanza kusoma polepole, akikigeuza kile Kiingereza kuwa Kiswahili chake cha kuungaunga.

"Marzouq bin Thani. Mwarabu. Mchukuzi wa stesheni. Mke, Chausiku. Mtoto, Mwanamize, wiki sita." Akaikuza picha. "Hapa pembeni karani ameandika: ameambiwa anaweza kupata mchele yeye peke yake, mke na mtoto hapana. Amekataa. Anataka kuandikwa pamoja na watu wake."

"Endelea."

"Halafu iko mstari mwekundu. Amefariki, Machi arobaini na nne, homa ya matumbo. Kadi imerudishwa na mke."

Bi Mwanamize aliweka mchi chini. "Kwa hiyo hakupotea."

"La, bibi. Hata mtaa hakutoka."

Alilia kama mtoto, kwa sauti, bila haya. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hasira, maana ami Humaid aliishi mtaa wa tatu kutoka pale na bila shaka ndiye aliyemzika ndugu yake.

Kesho yake akaenda kwa Hisham.

"Shikamoo, shangazi!" Hisham alimkalisha, akaleta halwa ya Nizwa, akammiminia kahawa. Bi Mwanamize alipokea kikombe, akakiweka chini bila kukigusa mdomoni. Hisham akaelewa, maana mgeni mwenye haja hanywi mpaka asikilizwe. Akasoma ukurasa aliopewa. Akafuta miwani, akausoma tena.

"Shangazi, huyu babu tunamheshimu, wallahi. Lakini ukurasa wenyewe... wageni watauliza tumemtoa daftari gani. Na mti umeshapangwa wote. Nafasi hakuna."

"Nafasi ipo. Nipe ya Sinan."

"Sinan ni ami yangu!"

"Mwanangu, mimi nimelelewa nyumba ile. Baba yako hakuwa na ndugu, hata kanzu zake kuukuu nilishonewa gauni mimi. Bibi yako Wadha akipakua wali alikuwa akicheka: huu wa Sinan, huu wa Muadh, huu wa Yazeed, haya kuleni, wenyewe hawaji. Babu yako aliwazaa wote watatu mbele ya meza ya karani, kwa ajili ya mchele."

Hisham akaukunja ukurasa, akaukunjua tena. Alikuwa amewalilia hadharani, na picha ipo.

"Na ile hitima tuliyowasomea?" aliuliza.

"Inshallah imemfika baba yangu. Yeye ndiye aliyekuwa maiti."

"Basi nitamwandika. Daftari nitaje gani?"

"Taja la muhogo. Na ukurasa wake."

Hisham akatikisa kichwa kukubali. Bi Mwanamize akainua kikombe. Kahawa ilikuwa imepoa, lakini aliinywa yote, akaomba nyingine. Kisha akasimama, akajitengeneza shela.

"Na lile kundi lako uliambie kesho baada ya alasiri waje azaa kwangu, wanihani. Nimefiwa na baba."

"Shangazi! Miaka themanini na moja hiyo!"

"Imepita kwenu. Mimi nimeambiwa jana."

Walikuja wote tisa kumhani, wakakaa safu moja na nyuso za msiba. Wali haukupikwa. Yaqeen aliwapitishia uji wa muhogo, na Hisham, shangazi yake akimtazama, alimaliza bakuli.